Giaboksi ya Gari la Otomatiki: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Gari dogo likianza kuchelewa kuondoka baada ya kuwekwa D, au injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, hukumu hutolewa upesi gereji: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kabla mtu yeyote hajachomoa dipstiki kuangalia oili iliyomo, kabla namba za makosa hazijasomwa kwa mashine, na kabla haijaulizwa ni oili ya aina gani iliyowekwa mara ya mwisho. Magari yetu mengi yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, historia ya matengenezo yake haikuja nayo, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si za kuaminiwa moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye gari hana budi kuanza upya: ajue ana giaboksi gani, apime kilichomo, ndipo aamue kama kuna cha kufungua.

Maelezo haya yanahusu hasa giaboksi za otomatiki za magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani na ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa kubahatisha. Giaboksi ya manyuali ina sehemu yake fupi huko mbele.

Ni giaboksi gani uliyo nayo?

Otomatiki ziko za namna mbili kuu, na tofauti yake si jambo la kitaalamu tu, kwani inaamua oili utakayonunua. Ya kwanza ni ile yenye gia hasa, mara nyingi nne au sita, ambazo hubadilishwa kwa msukumo wa oili unaobana na kuachia seti za klachi pleti ndani yake. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili zinazotanuka na kubana, na kati yake kuna mshipi wa chuma unaohamisha nguvu. Ukiwa barabarani utaitambua kwa mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika: katika giaboksi ya gia, mshale hupanda kisha hushuka ghafla kila gia inapobadilika, katika CVT mshale hutulia mahali pamoja huku mwendo ukiongezeka.

Jina la gari halitoshi kukujulisha. Toyota Probox za mwanzo zilikuwa na otomatiki ya gia 4, lakini zile zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2014 zina CVT. Premio yenye umbo lililoanza mwaka 2007 ina CVT, ilhali ile iliyoitangulia, ya injini ya 1.5 au 1.8, ina gia 4. Nchini Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likizidi umri wa miaka 8, CVT sasa ndiyo hali ya kawaida. Njia ya uhakika ni kusoma kibati cha chuma kilichopigiliwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, ambapo Toyota huandika TRANS/AXLE na kufuatiwa na namba kama U340E au K310. Piga picha ya kibati hicho na uihifadhi kwenye simu, kwa sababu itakufaa dukani na, Mungu apishie mbali, itakufaa zaidi siku ya kutafuta giaboksi ya mtumba.

Ukishaijua giaboksi, oili yake inajulikana. Toyota za otomatiki za zamani kidogo hutumia T-IV. Zilizofuata hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota yenyewe haizihesabu kuwa ni kitu kimoja. CVT za Toyota zina oili yake, ama TC ama FE, na za Nissan zina NS-2 au NS-3. Kwenye Toyota nyingi zenye dipstiki, aina ya oili imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni kumimina oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT kwa sababu tu fundi ameizoea na duka la jirani linayo. Mshipi wa chuma haushiki puli kwa meno. Unashika kwa mbano na kwa utelezi uliopimwa wa oili hiyo maalumu. Ukiweka oili isiyo yake, mshipi huteleza, huchubua uso wa puli, na mchubuko huo hautoki kwa kubadilisha oili tena. Rangi nayo isikudanganye: oili za CVT nyingine ni za kijani au buluu, na nyekundu mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa.

Kupima oili

Kwa gari lenye dipstiki ya giaboksi, tembea kwanza kama dakika kumi na tano au ishirini ili oili ipate joto la kazi. Egesha mahali tambarare kweli, si pembezoni mwa barabara palipoinamia mtaro. Vuta handbreki, kanyaga breki, kisha upeleke mkono wa gia taratibu kutoka P hadi chini kabisa na kurudi P, ukisimama kidogo katika kila nafasi ili oili ijae katika njia zake zote. Injini iendelee kuunguruma. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena na uisome. Kwenye Toyota utaona alama mbili: COOL kwa oili baridi na HOT kwa oili yenye joto. Kipimo cha kuamini ni cha HOT. Kile cha COOL hukusaidia tu wakati wa kujaza kabla ya kuwasha gari kwa safari.

Honda ni kinyume, na mafundi wengi hulisahau hili. Otomatiki za Honda zenye dipstiki hupimwa baada ya injini kupata joto na kuzimwa, ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ukiipima injini ikiwa inafanya kazi utaona oili imepungua, utaongeza, na utakuwa umejaza kupita kiasi. Oili iliyozidi ina madhara kama iliyopungua, maana sehemu zinazozunguka huipiga mpaka itoe povu, na povu haliwezi kusukuma klachi pleti.

Magari ya karibuni hayana dipstiki kabisa. Chini ya sampu, yaani trei la oili lililo chini ya giaboksi, kuna bolti ya kukagulia ambayo, ikifunguliwa injini ikiwa imewashwa na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, oili inatakiwa ichuruzike kidogo tu kisha ibaki ikidondoka. Kwa Toyota nyingi joto hilo ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi, nalo husomwa kwa mashine ya kupimia iliyochomekwa chini ya dashibodi, si kwa kugusa sampu kwa kiganja. Oili hutanuka kwa joto. Ukikagua ikiwa ya moto mno, itamwagika nyingi na utabaki na upungufu. Ukikagua ikiwa baridi mno, haitatoka, nawe utaongeza isiyohitajika. Kama gereji haina mashine ya kusoma joto hilo, ipeleke kazi hii kwingine.

Dondoo la oili linakuambia nini

Dondosha oili ya dipstiki juu ya karatasi nyeupe au tishu, uiache dakika chache. Ikisambaa nyekundu au ya kahawia nyepesi na pembeni ikawa safi, haina neno. Ikiwa kahawia iliyokolea lakini haina harufu, imezeeka, inahitaji kubadilishwa. Ikiwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na katikati ya doa kumebaki chembe chembe zisizosambaa, basi klachi pleti zimeanza kuliwa, na chembe hizo ndizo vumbi lake.

Dondoo lenye rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe kama maziwa ndilo la kuogopwa zaidi, na ukiliona zima gari hapo hapo. Hayo ni maji. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupoozwa kwa kupitishwa ndani ya tangi la chini la rejeta, ikitenganishwa na maji ya injini kwa ukuta mwembamba wa chuma. Mtu anayejaza rejeta kwa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka, badala ya kulenti (maji maalumu ya rejeta) iliyochanganywa vizuri, anaulisha ukuta huo kutu. Siku ukitoboka, maji na oili hukutana, na maji hulainisha gundi inayoshikilia utando wa klachi pleti mpaka ubanduke. Kubadilisha oili peke yake hapo ni kupoteza fedha: rejeta ibadilishwe, mabomba ya kupoozea yasafishwe, na oili imwagwe na kujazwa mara kadhaa mpaka weupe uishe. Ukiwahi, giaboksi hupona; ukiendesha na hali hiyo kwa wiki nzima, matumaini ni madogo.

Njia nyingine ya maji kuingia ni mafuriko. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia juu yake, na gari likipitishwa kwenye maji marefu wakati wa masika, kama inavyotokea bonde la Jangwani, Dar es Salaam, giaboksi ya moto hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia tundu hilo. Baada ya kupita kwenye maji yaliyofika nusu ya gurudumu, kagua oili siku hiyo hiyo.

Kubadilisha oili bila kuitikisa giaboksi

Utasikia kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. Wanaosema hivyo hufikiria maisha ya gari la kwanza Japani, kwenye lami nzuri na hali ya hewa ya baridi. Kwa foleni za Dar es Salaam na Nairobi, na joto letu, ningeibadilisha kila baada ya kilomita 40,000 hivi, na kwa gari lililonunuliwa karibuni bila historia ningeibadilisha mwanzoni kabisa ili nijue pa kuanzia kuhesabu.

Inyanyue gari kwa jeki, kisha ulisimamishe juu ya stendi nne imara ili likae sawasawa. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu. Hakikisha bolti unayofungua ni ya giaboksi. Kwenye Toyota nyingi ndogo giaboksi iko upande wa betri na injini iko upande wa pili, lakini bolti zote mbili zinatazama chini na ziko jirani. Kwenye Subaru kosa hili ni maarufu: fundi humwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha huongeza lita nne juu ya oili ya injini iliyokuwa tayari imejaa, na mwenye gari huondoka na makosa mawili kwa bei ya huduma moja. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi na hutoka karibu na filta yake. Ikitoka nyekundu nawe ulikusudia injini, funga haraka.

Kinga oili kwenye chombo chenye vipimo vya lita, kwa sababu kiasi kilichotoka ndicho kitakachorudi. Katika otomatiki ndogo za Toyota zitatoka takribani lita tatu hadi nne tu, ingawa giaboksi nzima ina karibu mara mbili ya hizo. Zilizobaki zimo ndani ya torki konveta, kile kifaa kinachohamisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili, na kwenye njia za ndani. Ndiyo maana kumwaga mara moja hakuondoi oili yote chafu. Chukulia giaboksi yenye lita 7 ambayo kila ukimwaga hutoka 3.5: baada ya mara ya kwanza nusu yake ni mpya, baada ya mara ya pili ni asilimia 75, na baada ya mara ya tatu ni asilimia 87.5. Mimi napendelea kuzigawa mara hizo tatu, nikiacha gari litembee wiki moja au mbili katikati, kuliko kuiunganisha giaboksi yenye umri mkubwa na mashine inayosukuma oili mpya kwa presha. Msukumo huo unaweza kuamsha uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya valvu.

Hapa ndipo inapotoka imani kwamba giaboksi iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa oili itakufa ukiibadilisha. Haijazuka hewani. Klachi pleti zilizokwisha huweza kuendelea kushika kidogo kwa msaada wa vumbi lake lenyewe lililo ndani ya oili ya zamani, na oili safi ikija, udhaifu unajitokeza. Hata hivyo giaboksi hiyo ilikuwa imeshakwisha. Oili mpya imeufichua tu ugonjwa. Kama gari halitelezi na oili haina harufu ya kuungua, usiogope kuibadilisha.

Ukiishusha sampu, usiitupie macho na kuifuta. Ndani yake kuna sumaku ndogo za duara, na hizo ndizo daftari la giaboksi. Tope laini la kijivu lililozishika ni la kawaida, ni msago wa chuma wa miaka. Vipande unavyoweza kuvisikia kwa vidole, vichane vya chuma, au magamba ya rangi ya shaba si vya kawaida, na magamba meusi yaliyotanda chini ya sampu ni utando wa klachi pleti. Piga picha kabla ya kusafisha. Kisha weka filta mpya kama ni ya kubadilishika, weka gasketi mpya bila kuipaka silikoni nyingi ambayo huchuruzika ndani na kuziba filta, na ukaze bolti za sampu kidogo kidogo kwa kukingamisha. Bolti hizi ni nyembamba na zinaingia kwenye aluminiamu; nguvu yake kwa giaboksi nyingi ndogo haizidi takribani Nm 8, yaani nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Nyuzi zilizolika kwenye aluminiamu ni kazi nyingine kabisa.

Jaza kwa faneli safi kupitia tundu la dipstiki, kiasi kile kile kilichotoka, washa injini, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, halafu pima kama ilivyoelezwa.

Giaboksi inapolalamika

Kabla ya kuilaumu giaboksi, ondoa washukiwa wengine. Mauntingi ya injini iliyochoka hutoa kishindo unapoweka D au R, na mtu huapa kwamba gia imepiga. Koili au plagi mbovu huifanya injini ikose nguvu na kutikisika wakati wa kupanda, jambo linalofanana sana na kuteleza. Mlio wa tak-tak unapokata kona hutoka kwenye jointi za draivu shafti. Betri dhaifu au nyaya zilizolegea huweza kuifanya kompyuta ya giaboksi iandike makosa ambayo hayapo.

Baada ya hapo, soma namba za makosa. P0700 peke yake haisemi kitu zaidi ya kwamba kompyuta ya giaboksi ina kosa. Tafuta namba nyingine inayofuatana nayo. P0715 inahusu sensa ya mwendo wa kuingia, P0750 solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme) ya kubadili gia, P0741 kufunga kwa torki konveta, na P0730 uwiano wa gia usiolingana, ambao mara nyingi ndio kuteleza kwenyewe. Gari linaloondoka kwa uzito na kugoma kubadili gia kabisa, taa ikiwa imewaka, huenda limejiweka katika hali ya kujilinda, na chanzo chake chaweza kuwa waya mmoja uliogugunwa na panya.

Solenoidi inapimika bila kushusha chochote. Tafuta plagi ya nyaya iliyo kwenye mwili wa giaboksi, ichomoe gari likiwa limezimwa na kupoa, weka mita kwenye oumu, kisha upime kila pini ya solenoidi dhidi ya mwili wa giaboksi au pini yake ya pili kwa kufuata mchoro wa modeli hiyo. Katika otomatiki nyingi za Toyota za gia 4, solenoidi ya kubadili gia iliyo baridi husoma kati ya oumu 11 na 15, na ile ya presha inayoitwa SLT husoma takribani 5. Ukipata usomaji usio na mwisho, waya wa ndani umekatika. Ukipata sifuri, umegusana. Solenoidi hizo huonekana ukishashusha sampu, hubadilishwa kwa kufungua bolti moja au mbili, na giaboksi inabaki garini. Linganisha gharama hiyo na ya giaboksi nzima, na utaelewa kwa nini nasisitiza mita itangulie spana.

Dalili zenyewe zina maana yake. Kuchelewa sekunde mbili au tatu kushika D asubuhi tu, kisha hali ikawa nzuri, huashiria oili pungufu au sili za ndani zilizokauka. Kuteleza kwenye gia moja pekee huashiria seti moja ya klachi pleti. Kubadilika kwa kishindo katika gia zote huelekea kwenye presha, yaani oili, solenoidi ya presha au bodi ya valvu. Katika CVT, mtetemo wakati wa kuondoka mara nyingi hutulia kwa oili sahihi ukiwahi, lakini mlio wa kulia unaopanda pamoja na mwendo ni wa beringi au mshipi, na hapo ni kufungua tu.

Namna ya kuendesha

Usihamishe mkono kutoka R kwenda D wakati gari bado linatambaa kinyumenyume. Klachi pleti ndizo zinazogeuzwa breki. Kwenye mwinuko, kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achia breki ya mguu kidogo ili gari likae juu ya handbreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari huning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na ndicho kinachotoa kishindo unapoondoka.

Unaposhuka Kitonga, Sekenke au mteremko wa Mai Mahiu, teremsha gia kwa 2, L, S au B kulingana na gari lako, ili injini isaidie kulizuia. Kuweka N mteremkoni ili kubana mafuta ni hatari kwa breki na hakubani lolote, kwani injini za kisasa hukata petroli zenyewe gari linaposhuka likiwa kwenye gia. Wakati wa kupanda, giaboksi ikianza kunuka au taa ya joto ikiwaka, simama pembeni, weka P na uache injini iendelee kuunguruma. Pampu ya oili inaendeshwa na injini, na ukiizima upoozaji unasimama.

Sababu hiyo hiyo inahusu kuvutwa. Gari lililozimika likivutwa kwa kamba na magurudumu ya mbele yako chini, giaboksi inazunguka bila pampu kulainisha chochote. Magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, na kama gari linavutwa na magurudumu yote manne, lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Kwa wenye manyuali

Giaboksi ya manyuali haina makuu. Oili yake kwa kawaida ni 75W-90 ya daraja la GL-4. Usiweke GL-5 kama kitabu hakikuitaja, kwa sababu baadhi ya oili hizo zina viungo vya salfa vinavyoweza kula ringi za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia. Fungua bolti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili halafu bolti ya juu ikagoma, gari limelala gereji. Jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu na kuanza kumwagika.

Gia zikiwa ngumu kuingia, zijaribu injini ikiwa imezimwa. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwashwa, tatizo ni klachi isiyoachia: angalia oili ya breki kwenye kikopo cha klachi na silinda yake ya chini. Kujua kama klachi inateleza, vuta handbreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Klachi ikiwa nzima, injini inatakiwa izimike mara moja. Ikiendelea kuunguruma, diski imekwisha. Badilisha diski, preshapleti na rilizi beringi kwa pamoja, maana kazi ya kushusha giaboksi ni ile ile.

Ukilazimika kubadilisha giaboksi

Ikithibitika kwamba ya ndani imekwisha, wengi wetu hununua ya mtumba iliyotoka Japani, kwa sababu seti kamili za kufumulia si rahisi kupatikana na mafundi wa kufumua CVT kwa uhakika ni wachache. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukiwa na picha ya kile kibati, na ulinganishe namba nzima, pamoja na tarakimu za mwisho. Giaboksi mbili za jina moja zinaweza kutofautiana plagi, sensa au uwiano wa gia. Chomoa dipstiki au bolti ya kumwagia ukiwa dukani, uipake oili karatasi nyeupe, uinuse. Zungusha shafti kwa mkono na usikilize. Andikiana na muuzaji muda wa kuirudisha, kwenye risiti, si kwa maneno.

Kabla ya kuifunga, safisha mabomba ya kupoozea, na kama giaboksi ya zamani ilikufa kwa kusagika au kwa maji, badilisha kipoozea chenyewe, vinginevyo uchafu wake utakuwa wa kwanza kuingia kwenye ile mpya. Weka sili mpya ya torki konveta sasa, wakati inafikika.

Kisha lipo jambo ambalo haraka ya gereji huliharibu. Torki konveta lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu ya giaboksi kabla giaboksi haijakutana na injini. Izungushe kwa mkono ukiisukuma ndani. Utaisikia ikizama hatua kwa hatua, na isipofika mwisho endelea. Giaboksi ikishasogezwa kwenye injini, nyuso zake mbili zinatakiwa zikutane kwa mkono, bila kuvutwa na bolti, na konveta ibaki ikizunguka kwa uhuru ikiwa na nafasi ndogo kati yake na flaiwili. Ukiona imebaki nafasi kati ya giaboksi na injini na fundi anaifunga kwa kukaza bolti, msimamishe. Bolti hizo ndizo zinazopasua pampu, na giaboksi nzima itakufa kabla ya kilomita ya kwanza.

Jaza oili kabla ya kuwasha, kisha washa, pima, pima tena ikiwa ya moto, futa namba za makosa na, kwa modeli zinazohitaji, mwelekeze fundi wa mashine airudishe kompyuta kwenye mafunzo ya mwanzo. Gari lisivute mzigo wala kusafiri mbali kwa siku za mwanzo. Likifikisha kilomita 1,000 mwaga oili ya sampu, zikague sumaku, jaza mpya, na uandike kwenye stika ndani ya mlango aina ya oili, tarehe na kilomita.